Mnywaji wa Ishirini

Mwaka wa ukame, wanyama walibaki na bwawa moja lenye malango mawili, na sheria moja: wanywaji wasizidi ishirini kwa zamu. Kobe, mlinzi wa lango la juu, alimpitisha Paa akiwa wa ishirini, akatangaza zamu imejaa. Kabla hajanywa, upande huo ukawa tope tupu, akatoka kuzungukia lango la chini. Huko alisimama Nungunungu, mshika sheria.

"Tumejaa!"

"Mzee, katika hao ishirini nimo. Kobe kashanihesabu."

"Kwangu wewe ni wa ishirini na moja."

"Maziwa yamenikauka, mwanangu analia. Basi nionyeshe huyo wa ishirini."

Nungunungu akahesabu vichwa, akarudia. Kumi na tisa. Miiba ikamlala.

"Kumbe nakufukuza nikulindie nafasi yako! Pita, mama, pita."

Paa akanywa, akashusha pumzi.