Mbuzi Yenye Mikato Miwili

Alikuwapo ukumbini Bi Mwanaisha, mjane wa fundi seremala. Binti zake wawili, Raya na Siwema. Na mgeni aitwaye Mize, aliyeomba tu kuonyeshwa kaburi la baba yake, huku akihofu kufukuzwa.

Mize alifungua kanga, akatoa mbuzi ya kukunia nazi. Marehemu seremala alimchongea kila binti yake mbuzi, akaikata alama chini kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Ya Raya ilikuwa na mkato mmoja. Ya Siwema, mitatu.

“Nasi tulimcheka baba kuwa hajui kuhesabu,” alisema Raya.

Siwema aliipindua ya mgeni. Mikato ilikuwa miwili.

Bi Mwanaisha aliipapasa. “Namshukuru Mungu umenikuta hai, mwanangu.” Kisha akawatangazia wote: “Nazi za hitima ya baba yenu Ijumaa mtakuna nyote watatu.”