Picha ya Kiti Kitupu

Kila Ijumaa mpiga picha alikipiga picha kiti kitupu cha studio yake, akaficha ndani ya picha hiyo majina ya waliokamatwa na serikali, yakayeyuka humo kama chumvi majini, kisha akamtumia mdogo wake aliyeko ng'ambo, aliyejua kuyasoma. Wakaguzi wa mtandao waliikodolea macho wee, wakaambulia kiti.

Leo alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza kamera, simu ikalia.

"Dada, picha imefika. Majina sita."

"Picha gani? Sijatuma kitu."

"Ya kiti," mdogo wake akasema. "Mbona la mwisho ni lako?"

Kamera ilikuwa bado mkononi mwa mpiga picha. Akainua macho. Mto wa kile kiti ulikuwa umebonyea katikati, na taratibu ukaanza kujaa tena, kana kwamba mtu ametoka kuinuka sasa hivi.