Majivu ya Cornelia

Cornelia alitandaza majivu kizingitini, akayasawazisha kwa ufagio, kisha akayaruka na kufunga mlango. Kengele ya shamba la kijiji ilikwishalia. Rozina, jirani yake, alikuwa njiani na jembe begani. Siku hizi alimsalimia bila kumtazama usoni.

"Majivu huzuia wachawi wadogo, mama," alisema Rozina. "Kioo cha Fundi Urbano hakizuiliwi na majivu."

"Mdharau mwiba, mguu huota tende," alijibu Cornelia, wakaenda shambani.

Tangu wahamie kijiji hiki cha Ujamaa, nyumba zikiwa zimepangwa mstari kama watoto wa shule, radi ilikuwa imeua mara mbili. Ya pili ilimpiga Zenon, mume wa Rozina, akifunga mbuzi. Watu wakakumbuka kwamba Zenon alikuwa amelisogeza banda lake mpaka uani kwa Cornelia, na Cornelia akanung'unika. Ushahidi wa kijijini ndio huo: ukinung'unika leo na mtu akafa kesho, umeua wewe.

Ndipo akaitwa Fundi Urbano, mfichua wachawi. Kioo chake kilikwishaona pembe za uchawi katika mapaa mawili, na wenye nyumba walinyolewa vichwa wakafukuzwa. Kesho ilikuwa zamu ya mstari wa Cornelia. Akifukuzwa hakuwa na pa kwenda. Kijiji chao cha zamani kilikuwa magofu, na nduguze wote walikuwa makaburini. Aliogopa, tena sana.

Lakini jambo moja lilimtia shaka. Pembe zote zilionekana siku moja baada ya kijiji kizima kushinda shambani. Kijiji kizima, isipokuwa mgeni.

Waliporudi saa nane, alikuta nyayo juu ya majivu. Zilikuwa za makatambuga, viatu vya tairi. Waliovaa viatu hivyo pale walikuwa wawili tu: Mwenyekiti Fransisko, aliyeshinda nao shambani, na Urbano. Cornelia alizifunika nyayo kwa ungo. Akapapasa nyasi za paa juu ya mlango, akatoa pembe ya mbuzi. Akainusa. Masizi na asali, basi. Akasonya.

Kesho yake asubuhi watu walijaa uani. Rozina ndiye aliyeshika wembe. Urbano alikitazama kioo, akatangaza kwamba pembe iko juu ya mlango, upande wa kulia. Akaingiza mkono kwenye paa, ukatoka na nyasi. Akaingiza tena hadi begani. Jasho likaanza kumtoka.

Cornelia aliinua ungo.

"Mwenyekiti, jana sote tulikuwa shambani. Mwambie fundi akanyage hapa kando."

Urbano alisema hayo ni mambo ya kike, hawezi kuyaingilia. Vijana wawili wakamsaidia kukanyaga. Nyayo zilifanana mpaka alama ya msumari kisiginoni.

Walimnyang'anya kioo, wakamsindikiza kwa zomeazomea hadi barabara ya Sumbawanga. Mwenyekiti alimwomba Cornelia radhi mbele ya wote, akatangaza kwamba asisikie tena habari za uchawi katika kijiji chake. Rozina alileta unga wa ulezi, akapiga magoti.

"Nisamehe, mama. Nilikudhania wewe."

Cornelia alimwinua, akamkumbatia, wakalia pamoja mpaka majirani nao wakafuta machozi.

Watu walipotawanyika alifunga mlango. Akaitupa ile pembe ya masizi na asali motoni, akalizungushia figa la tatu kitambaa lisimuunguze, akalisogeza. Chini yake akatoa pembe yake mwenyewe, nzito, iliyojaa hadi mdomoni. Alichungulia dirishani. Urbano alikuwa bado anaonekana kwa mbali, peke yake kwenye uwanda, na mbinguni hapakuwa na hata wingu moja. Cornelia aliisogeza pembe midomoni, akalitaja jina la Urbano mara moja tu, kama alivyolitaja la Zenon.