Ndovu na Nyasi Zilizooshwa

Palikuwa na Ndovu jike ambaye usafi wake ulipita mpaka. Alimwogesha mwanawe mara tano kwa siku, na kinyesi chake mwenyewe alikifukia upesi, mtoto asije akakigusa.

"Mwanao anakula mavi, nawe unamtazama tu!" alimsimanga wifi yake.

"Ale, wifi. Hata sisi ndivyo tulivyokua," alijibu mwenzake, akiendelea kutafuna.

Ikafika siku ya kumwachisha mtoto ziwa. Kila aliponusa nyasi alipiga chafya, na alipozimeza tumbo lilivimba kama ngoma. Mama akaziosha nyasi, akaziosha tena, mtoto akazidi kudhoofika. Siku ya nne mama akajikaza, akaenda kwa wifi yake.

"Wifi, naomba... kile anachokula mwanao."

"Mavi?"

"Hayo hayo. Nitayaosha kwanza."

"Ukiyaosha, dawa yote ya kusaga nyasi tumboni inaondoka na maji," wifi alisema, wala hakucheka.

Mtoto akala. Haikupita wiki akawa anakata nyasi na kugaagaa matopeni. Mama akavuta maji kwa mkonga ili amwogeshe. Akamtazama kitambo, kisha akayanywa.