Fisi na Nusu ya Nusu

Mwalimu Kanga alikuwa na wanafunzi watatu: Fisi, Digidigi na Pelele. Kila alipoleta chakula cha kufundishia hesabu za sehemu, Fisi alikibugia kabla hakijakatwa, na wenzake wakarudi nyumbani na njaa, bila hesabu.

Siku moja Kanga akaweka chapati mezani, akaifunika kwa bawa.

"Leo kila mtu atakula anachokitaja. Fisi, utachukua nusu, au nusu ya nusu?"

Fisi akasikia nusu mbili. "Nusu ya nusu!" akadakia.

Kanga akamkatia robo. Iliyobaki akawagawia wale wadogo.

"Nusu yangu nyingine iko wapi?" Fisi akang'aka.

"Hukuiomba. Ungesema nusu na nusu, ungepata chapati nzima. 'Ya' imekupunguzia, 'na' ingekuongezea."

Fisi alishinda na njaa, akiyarudia maneno hayo.

Kesho yake Kanga alifunika chungwa. Fisi akanyoosha mkono mbio mbio. "Nusu na nusu, Mwalimu! Zima!"

Digidigi na Pelele wakanywea. Lakini Kanga alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa gunia mgongoni: hatimaye somo limeingia.

"Sahihi kabisa," akasema, akamkabidhi chungwa zima. "Basi sehemu tumemaliza. Sasa tunaanza hesabu za kutoa. Haya Fisi, moja toa nusu."

Digidigi na Pelele wakacheka kwa nafuu, wakakinga mikono.