Shati la Shomvi

Rufaa ilikubaliwa asubuhi: hakuna aliyethibitisha kwamba kisu kilikuwa cha Mwakio. Kufikia saa sita alikuwa mtu huru, amesimama kwenye stoo ya vielelezo akidai mkanda wake wenye ala ya ngozi.

Pembeni yake, Bi Tausi alikuwa ameshakabidhiwa shati la marehemu mwanawe, Shomvi, aliyechomwa kisu kwa kuuza kete za heroini zilizojaa unga wa muhogo. Damu ilikuwa imekauka, ngumu kama gome. Shati lilikuwa na matundu saba, moja limepasuka hadi kwapani.

"Mkanda huu hapa," karani alisema. "Kisu kinabaki kwetu."

Mwakio akaufunga kiunoni. Kisha, bila hata kuangalia, mkono wake ukaokota kisu mezani na kukichomeka kwenye ala. Kikazama hadi mpini.

Karani akaacha kuandika.

Bi Tausi alilitandaza shati mezani, akalinyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu.

"Baba," alimwambia Mwakio kwa upole, "hebu nionyeshe. Ulianza na lipi?"

Kabla Mwakio hajajizuia, kidole chake kilikuwa kimeshainuka, kinaelekea kwenye kola.