Mtaa Uliopakwa Kijani

"Siku ya kupiga kura treni itakuwa bure," mheshimiwa diwani alisema, ameinamia ramani ya mji. "Nataka isimame kwa watu wangu tu. Wako wapi?"

Mwanahawa, mpangaji wa njia za treni, alishapiga hesabu za kura mtaa kwa mtaa. Alichukua kalamu ya kijani, akaupaka mtaa wa kilimani. Huko ndiko diwani alikofuta kituo cha basi kwa saini moja, kisha akasahau. Mama yake Mwanahawa alibaki kukipanda kilima kile kwa miguu, na moyo wake mgonjwa, mpaka siku alipoanguka njiani, asiinuke tena.

"Hawa hapa. Wazee watupu. Hawapigi kura kwa kukosa usafiri."

"Wananikumbuka?"

"Sana, mheshimiwa."

Siku ilipofika, diwani alisimama nje ya kituo cha kura akipunga mkono. Treni ikafungua milango. Wazee wakashuka na mikongojo yao, wakampita, hakuna aliyemwitikia salamu.

"Mbona wamenuna?" alimnong'oneza Mwanahawa aliyesimama kando yake. "Wako wangapi hawa?"

Mwanahawa alimwonyesha kwa kidole. Treni ya pili ilikuwa inakata kona, imejaa pomoni.